Kumchukua Bi Mdogo Ujiji

Cheyo

Tarehe kumi na tisa mwezi wa Juni, siku ya kuanua matanga ya mke wangu Nyamizi, dada yangu Kalunde aliosha kibuyu. Kilichopotea siku hiyo ni kile kilichokuwa ndani ya kibuyu. Mke wangu alikuwa ametutoka siku saba kabla, na hilo mnalijua, maana wengi wenu mlikuja kuzika. Mnachoniuliza kila tukikutana ni kwa nini mfiwa mzima alionekana stesheni na mfuko begani kabla ya arobaini, na kwa nini alirudi shati limeganda kifuani, ananuka pombe, naye hajalewa. Nimechoka kusimulia kipande kipande vibarazani huku kila mtu akiongeza chake. Naandika mara moja, nanyi mpeane. Mwalimu wangu wa darasa la nne, kama yu hai, anisamehe mwandiko.

Kwanza kibuyu. Wanzuki, pombe ya asali, hutengenezwa na watu wengi Tabora. Yetu hapa Cheyo ilikuwa na tofauti moja: ilitiwa chupani kabla haijamaliza kuchemka, ikafungwa, ikaendelea kuchemka humo kwa hasira. Ukiifungua inapiga povu na kuuma ulimi. Nguvu yake ilitoka kwenye chachu iliyokaa chini ya kibuyu kimoja cha zamani. Kila ukimimina unaacha vidole viwili chini, unaongeza asali na maji ya vuguvugu, nayo inaishi. Ilitoka kwa mama mkwe wangu, Kwihara. Yeye aliiita Bi Mkubwa, kwa sababu, alisema, katika nyumba ile ndiye aliyekula asali kabla ya mtu yeyote. Yustina, mdogo wake Nyamizi, alipoolewa Ujiji, alimegewa kidogo katika kibuyu kidogo, na hiyo tukaiita Bi Mdogo. Mshike majina hayo mawili, maana nusura yanipigishe.

Kalunde hakuwa na nia mbaya. Matanga yakiisha nyumba hufagiliwa, majivu hutupwa, vyombo husuguliwa. Akakuta kibuyu kinanuka uchachu na kina matope chini. Akakisugua kwa mchanga na majivu, akakisuuza kwa maji ya moto mara tatu, akakianika juani, kisha akaniletea kwa mikono miwili.

"Mdogo wangu," akasema, "hata hiki nimekitakasa."

Nikachungulia ndani. Kilikuwa safi kama kibao cha shule siku ya kwanza. Nikamshukuru. Sikujua jambo lingine la kufanya. Jirani alipomweleza alichokiosha, Kalunde alikaa kizingitini mwa mlango, na tangu siku ile hakunitazama tena usoni. Aliweka chakula na kuondoka.

Mtauliza, je, mwanamume hakuweza kuanza upya? Hapo ndipo aibu yangu. Kwa miaka ishirini Nyamizi alipika, alionja, aliweka sikio kwenye kibuyu akaamua leo au kesho, akajaza chupa. Mimi nilifunga vizibo kwa kamba ya katani. Nilijiona mwenye biashara. Siku ile kibuyu kilipooshwa niligundua kwamba nilikuwa mwenye kamba.

Kwihara, kwa miguu

Nilianza na palipo karibu. Nilidhani labda Kwihara, alikoanzia mama mkwe, kuna mtu aliyemegewa chachu zamani akaitunza. Nikaenda kwa miguu na michembe mfukoni, viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga za kutafunia.

Mji wa mama mkwe haupo tena. Kuta zimelala na kuna muhogo uliopandwa pale pale ulipokuwa mlango. Nilimkuta mwanamume mmoja analima. Tukasalimiana vizuri, nikamwambia natoka Cheyo na ninamtafuta Bi Mkubwa. Akanitazama kwa huruma, akaweka jembe chini, akanitangulia kati ya mihogo mpaka kwenye kaburi la mama mkwe.

"Yupo hapa," akasema. "Miaka mingi sasa."

Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba si huyu. Nikavua kofia, nikasali, na kwa kuwa yule bwana alisimama akinisubiri, nikasali tena.

Lakini sikujuta kusimama pale. Mama huyu, alivyosimulia mwenyewe, alianza kuuza wanzuki akiwa msichana, wakati misafara ya pembe na nguo ilipokuwa bado inapumzika Kwihara. Wapagazi walitua mizigo hapo kwake, wakanywa kwa kata moja iliyozunguka. Reli ilipokuja, wapagazi wakaisha kama umande. Mwingine angeacha. Yeye alijitwika mtungi na kuufuata umati ulikohamia, stesheni ya Tabora, kwa miguu, kila Jumamosi, akiwa na Nyamizi nyuma amebeba kata. Nami nilikuwa mbele ya kaburi lake kumweleza kwamba yote hayo yalikwisha kwa mchanga, majivu na maji ya moto. Sikumweleza. Nilisema tu tumefika salama.

Niliporudi niliandika barua kwenda Ujiji. Habari ya msiba walikwisha kuipata kwa simu ya upepo, ila Yustina hakuweza kuwahi kuzika. Nakumbuka barua yangu neno kwa neno, kwa sababu baadaye nilisomewa mbele ya watu:

"Shemeji, Bi Mkubwa naye amekufa. Nyumba imekuwa kimya na kazi imesimama. Kwa hiyo nakuja kumchukua Bi Mdogo aliye kwako. Usiwe na wasiwasi, nitamtunza vizuri. Mwambie na mume wako."

Niliona ni barua nzuri. Nilifurahi hasa kwa kumkumbuka mume.

Tabora hadi Usinge

Ya tiketi nayaruka. Nilikuwa na mfuko, na ndani ya mfuko chupa moja nene tupu, na chupa imeviringishiwa kanga. Kanga hiyo niseme habari zake. Nguo za Nyamizi ziligawiwa ndugu zake kama inavyotakiwa. Upande mmoja niliuficha. Ndio aliojifunga siku ya mwisho aliyosimama jikoni, haukuwa umefuliwa, ulinuka moshi, asali na yeye. Niliwaambia watu nimeuchukua ili chupa isivunjike njiani.

Katika behewa la daraja la tatu nilikaa mkabala na katekista mmoja mpole, mwenye miwani na rozari. Akaniuliza niendako. Nikasema Ujiji, kumchukua Bi Mdogo.

"Ala. Na Bi Mkubwa yuko wapi?"

"Amekufa, mwezi uliopita."

Akanipa pole. Akauliza aliugua nini. Mimi ni mtu wa kujibu ninachoulizwa.

"Hakuugua. Aliuawa na dada yangu bila kukusudia. Alimwosha kwa maji ya moto."

Akashika rozari. Akauliza kwa sauti ndogo kama huyo dada amekamatwa. Nikasema hapana, nani amkamate, tumeyamaliza nyumbani, na mwenyewe anapika chakula changu mpaka leo. Yule mzee akainuka, akasema upande ule jua linamchoma, akahamia benchi la mwisho. Nikawa namwona midomo inavyocheza.

Nilikaa nikishangaa tabia yake kwa muda mrefu. Tulikuwa tumepita Urambo nilipoelewa. Nikainuka kwenda kumweleza, lakini behewa lilijaa watu, magunia na mbuzi, na nilipofika kwenye benchi lake treni ilikuwa imesimama Kaliua naye yuko chini tayari, anatembea kwa haraka kuliko umri wake. Kwa hiyo fahamuni kwamba huko Kaliua kuna katekista anayetuombea mimi na Kalunde kwa bidii.

Usinge, siku mbili

Usinge injini iligoma. Tuliambiwa saa moja, kisha saa mbili, kisha tukaacha kuuliza. Wanawake walileta mihogo ya kuchoma na uyoga, na mwenye njaa hakufa.

Siku ya kwanza, saa nne asubuhi, nilimkuta mzee mmoja jina lake Maganga, mrina asali, amekaa na mitungi karibu na stesheni akiuza wanzuki. Nikampa shikamoo, akaniitikia marahaba, akanipa kata. Ilikuwa nzuri, asali ya msitu wa miyombo hasa, lakini imelala. Haikuwa na povu. Nikafanya kosa la kumwambia.

Akauliza yenye povu ninaijua wapi. Nikaanza. Nilimweleza jinsi Nyamizi alivyoacha mtungi siku moja ya mvua, akajaza chupa za soda alizozipata kwenye duka la Mhindi ili azibebe chini ya mwavuli. Zikasahaulika uvunguni. Siku ya nne zikaanza kulipuka, sisi tumelala juu yake, na majirani wakaja na mapanga wakidhani tumevamiwa na mwenye bunduki. Mimi nililia hasara. Nyamizi alipiga magoti akakagua zilizosalia nzima, akaona ni zile nene tu. Akaonja moja. Akaniambia, "Nenda ukatafute chupa nene, zenye kitako kilichoingia ndani. Na kamba." Hivyo ndivyo nilivyopata kazi. Nikazitafuta nyuma ya jiko la klabu ya Wazungu, zilizonywewa Krismasi. Tukaanza na chupa sita, baadaye debe zima, baadaye chumba kizima cha nyuma, mpaka hapakuwa na harusi ya Kikristo Tabora isiyofunguliwa chupa yetu kwa mlipuko, na bibi mmoja wa shughuli za harusi akaapa kwamba ndoa isiyolipuka haidumu.

Maganga alisikiliza vizuri. Kisha akauliza, inakaa kibuyuni siku ngapi kabla ya chupa? Nikasema sijui. Asali kiasi gani kwa maji? Sijui. Maji ya moto au baridi? Vuguvugu, nadhani.

"Sasa wewe ulikuwa unafanya nini, bwana?"

"Nilikuwa nafunga."

Alicheka mpaka akashika mtungi usimwangukie. "Kumbe nazungumza na kamba," akasema, na kwa siku mbili hakuniita jina lingine. Kamba, karibu ule. Kamba, treni yako bado.

Lakini siku ya pili, nilipokwisha kumweleza niendako na kwa nini, aliacha kucheka. Akachota chachu kwenye mtungi wake, akanionyesha. "Ujiji mbali. Chukua hii. Asali ni asali. Utawaambia ni ya mkeo, nani atajua?"

Niwe mkweli. Nilikaa nayo mawazoni tangu asubuhi mpaka jua la saa nane. Nilijiona nimerudi Cheyo kesho yake, nimefungua chumba cha nyuma, nanyi mnakunywa na kusema ni ile ile. Mngesema. Nilikwisha kuifungua chupa, kanga iko begani. Kilichoniokoa si uadilifu. Injini ilipiga honi, watu wakakimbia, nami nikakimbia na chupa tupu mkononi.

Mpaka Kigoma

Tulivuka Malagarasi, wakatuuzia samaki wakavu kupitia dirishani. Nilinunua mmoja mwenye mifupa mingi kuliko nyama, nikatumia njia nzima ya Uvinza kumtoa menoni. Mama mmoja aliyeketi karibu alinieleza kwamba samaki yule si wa kula, ni wa kuchemshia mchuzi kisha anatolewa. Alinieleza nilipomaliza.

Kigoma nilishuka asubuhi, nikafuata wenye mizigo kwa miguu mpaka Ujiji.

Ujiji

Nyumba ya mume wa Yustina haikunisumbua kuipata. Rajabu ni fundi cherehani, na cherehani yake iko barazani. Yustina alipoolewa alisilimu, akaitwa Zaituni, na ni mke mpendwa wa miaka kumi na minne. Nilitarajia kumkuta Rajabu peke yake akishona. Nilimkuta amekaa katikati ya wazee wanne wenye kanzu, mbele yao sahani ya vitumbua na birika ya kahawa, na cherehani imefunikwa. Nikadhani wana shughuli, nikaona nimefika siku nzuri.

Nikatoa shikamoo kwa wote. Waliitikia kama watu wanaoitikia mahakamani.

"Ndiye wewe mwenye barua?" akauliza Rajabu.

"Ndiye mimi, ndugu yangu."

Akaitoa mfukoni. Ilikuwa imekunjwa na kukunjuliwa mpaka imelainika kama kitambaa. Akaisoma yote, taratibu, na wazee wakatikisa vichwa kila alipopumzika. Nikaona kweli niliandika vizuri.

"Na haya uliyoandika, umekuja kuyatimiza?"

"Mkiniruhusu. Nimetoka mbali."

"Umekuja kumchukua Bi Mdogo. Hapa. Mbele yangu."

Nilimwonea huruma, maana niliona jasho linamtoka, nikadhani anaogopa kubaki bila kitu. "Lakini si lazima nimchukue mzima," nikasema. "Nusu itanitosha. Nusu ibaki hapa kwenu."

Mzee mmoja aliweka kikombe cha kahawa chini.

"Nusu," akasema Rajabu. "Na hiyo nusu utaichukuaje?"

Nikafungua mfuko, nikaikunjua kanga, nikaisimamisha chupa mbele yao kwenye mkeka. "Nitamtia humu."

Kisha ndani ya nyumba, nyuma ya pazia, mtu alicheka. Alicheka kicheko kinachopanda ngazi halafu kinaanguka, nami nikageukia pazia, kwa sababu kilikuwa kicheko cha Nyamizi. Sikujua kwamba dada wawili wanaweza kugawana kicheko. Pazia likafunguka, Zaituni akatoka anashikilia ukuta. Rajabu alikuwa ameificha barua ile wiki nzima, hakumsomea. Akamwambia mumewe, "Baba, Bi Mdogo si mimi. Bi Mdogo ni chachu." Kisha akaiona kanga mikononi mwangu, akaitambua, na kicheko kikageuka. Alikaa chini pale pale kwenye mkeka, akamlilia dada yake. Wazee wakainamisha vichwa. Rajabu akaniondolea mfuko begani, jambo alilopaswa kulifanya tangu mwanzo, na akanisogezea kahawa.

Ikabidi Zaituni aeleze chachu hiyo iko wapi. Ilikuwa kwenye sahani. Aliposilimu aliacha pombe, lakini kitu cha mama yake hakuweza kukitupa. Alikilisha unga wa mchele badala ya asali, na kwa miaka kumi na minne ndicho kilichoumua vitumbua vinavyosifiwa mtaa mzima. Mzee aliyekuwa na kitumbua mdomoni aliacha kutafuna. Alikitazama kilichobaki mkononi, akawaza, akawatazama wenzake. "Mkate haulevyi," akasema, akakimaliza.

Basi nilidhani kazi imekwisha. Zaituni akasema hawezi kunipa.

Hakusema kwa ukali. Aliniambia alipoingia katika dini hii alijiwekea ahadi kwamba hatatengeneza pombe wala hatamshika mkono anayetengeneza. Nikasema nimeelewa. Kweli nilielewa, na nilipoelewa ndipo nilipoona nimesafiri njia nzima nikijifikiria mimi tu. Rajabu akanishikilia nisiondoke mpaka nipumzike. Nikakaa siku tatu, nikala migebuka, samaki wa ziwa lao, na ugali wa muhogo, nikafunga mafurushi ya wateja wake. Alisema hajaona mafundo kama yale. Nilijibu kwamba ndiyo elimu yangu yote.

Siku hizo tatu Zaituni aliniuliza habari za Nyamizi moja moja. Alikuwa akisema nini akiwa anapika. Alisimama jikoni mpaka siku gani. Siku ya tatu mchana aliniita uani. Alikuwa ameshika kibuyu kidogo.

"Shemeji, weka sikio."

Nikaweka. Miaka ishirini nimekaa chumba kimoja na sauti ile, sijawahi kuinama. Ni kama mvua inayonyesha mbali, kwenye majani makavu.

"Mama alitufundisha wote wawili kwa sikio," akasema. "Ikiwa kama mvua ya mbali, tia chupani. Ikinyamaza umechelewa." Akaichukua chupa yangu, akamimina nusu. "Sikupi pombe. Nakupa kitu cha mama yangu. Utakachofanya nacho ni chako na Mungu wako."

Alinifundisha kumlisha, asali kiasi gani, maji kiasi gani. Akaweka juu ya mdomo wa chupa kitambaa chepesi. Akanitazama kama anavyotazamwa mlevi anayekabidhiwa kisu.

"Ila usimfunge. Unanisikia? Anapumua. Njia nzima, usimfunge."

Nikaapa.

Kurudi

Mpaka Uvinza nilishika ahadi. Nilikaa nimeikumbatia chupa ndani ya kanga, na kila mtu aliyepita nilimwomba asinisukume. Uvinza akapanda bibi mmoja na kikapu kikubwa cha chumvi, akakaa kando yangu. Treni ilikuwa inayumba. Chupa ikaanza kutema matone kwenye kanga, na mimi nikaingiwa na hofu kwamba nitafika Cheyo na chupa tupu. Nakumbuka niliwaza kufika. Nakumbuka kizibo kilikuwa mfukoni, maana fundi hatembei bila kizibo. Kamba sikumbuki kuitoa.

Niliposhtuka mikono ilikuwa imekwisha kumaliza. Mizunguko miwili, msalaba, fundo, kama chupa elfu nyingine. Nikajisemea nitalifungua kidogo mbele. Jua lilikuwa linachoma upande wetu.

Ililipuka kabla ya Malagarasi. Watu walilala sakafuni. Mbuzi mmoja alikata kamba yake, ambayo sikuifunga mimi. Nilikuwa nimelowa tangu kidevu mpaka tumboni, kanga imelowa yote isipokuwa ncha moja, na mkononi nimebaki na shingo ya chupa. Kizibo kilikuwa bado kimo. Fundo langu halikulegea hata kidogo.

Yule bibi alipangusa povu kwenye chumvi yake, akanitukana kwanza mimi, halafu akalamba kidole. Akalamba tena. Akaniuliza kama inauzwa.

Nilitoa vigae kimoja kimoja. Sikukamua kanga, niliikunja mara nyingi nikaishika kifuani. Treni iliposimama Usinge, Maganga alikuwa pale pale na mitungi yake. Alisoma habari yote kwenye shati langu.

"Kamba," akasema, safari hii bila kucheka, "nilikuambia chukua yangu."

"Ninayo," nikamwonyesha kanga.

Aliitazama nguo iliyolowa, akanitazama mimi. Akatia asali kwenye kikopo, akanipitishia dirishani. "Basi mpe na chakula," akasema.

Nyumbani

Nilifika Cheyo asubuhi. Kanga ilikuwa imekwisha kukauka, imekakamaa kama ngozi. Nikamwita Kalunde, nikamwambia anichemshie maji, ayaache mpaka yawe vuguvugu, na alete kibuyu. Alikileta kwa ncha za vidole. Alikiweka chini akarudi nyuma.

Nilijua la kufanya na sikutaka kulifanya. Ile ncha moja ambayo haikulowa ilikuwa bado inanuka moshi na Nyamizi. Nilifikiri kuikata. Nilitafuta hata mkasi. Lakini povu lilikuwa limefika mpaka karibu, na sikujua chachu iliyo hai imekaa wapi. Nikaiweka ncha ile puani, mara moja, kwa muda. Kalunde akageukia ukutani. Kisha nikaitumbukiza yote katika chungu cha maji na asali ya Maganga, nikailoweka, nikaisugua kwa mikono, nikakamulia kibuyuni. Kanga nikaianika uani. Kufika saa sita ilikuwa inapepea, inanuka asali tu.

Sikukifunga kibuyu. Nilifunika kitambaa, na kamba nikampa Kalunde aifiche.

Siku ya kwanza niliweka sikio, kimya. Siku ya pili, kimya. Siku ya tatu asubuhi nilidhani nimesikia kitu, lakini siliamini sikio langu, lina siku chache tu kazini. Nikamwita Kalunde. Alikuja akipangusa mikono, akapiga magoti, akaweka sikio. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko nilivyokaa mimi.

"Vipi?" nikauliza.

"Kinanisema," akasema Kalunde, akainua macho akanitazama, sikio bado liko kibuyuni.